Neno na Hasimu Wake

Miongoni mwa mazoezi ya Kiingereza ambayo hayajaacha kuchapwa tangu zama za ukoloni, limo lile la safu mbili: kushoto maneno, kulia nafasi tupu, na juu yake amri fupi ya kumtaka mwanafunzi aandike kinyume cha kila neno. Penye “hot” huandikwa “cold”, penye “big” huandikwa “small”, na mwalimu hupitisha kalamu yake nyekundu bila ya kusita. Taabu huanza pale lilipo “old”. Mwanafunzi mmoja huandika “new”, mwengine huandika “young”. Wote wawili wamesema kweli, lakini karatasi ya majibu aliyonayo mwalimu ina neno moja tu, na mmoja wao hurudi nyumbani na alama ya kosa kwa jambo alilolijua vyema. Yule aliyeandika “new” alikuwa akikifikiria kitabu au nyumba. Aliyeandika “young” alikuwa akimfikiria babu yake. Zoezi halikuwauliza walikuwa wakimfikiria nani.

Jambo hili lingeachiwa walimu lau madhara yake yangeishia darasani. Lakini wanafunzi hukua, na baadhi yao hukua wakawa wafasiri, na imani ya safu mbili huandamana nao hadi kwenye meza ya kazi: kwamba kila neno la Kiingereza lina hasimu wake mmoja wa kudumu, kwamba ukishalijua neno umeshamjua na hasimu huyo, na kwamba kumtafuta ni shughuli ya pembeni, ya watunga mitihani. Sivyo. Katika Kiingereza, na khasa Kiingereza cha mashairi na cha michezo ya kuigiza, hasimu ndiye anayelitambulisha neno. Mfasiri asiyeuliza kwanza, “Hapa neno hili linapingana na nini?” hana hakika ni neno gani analolifasiri.

Kiswahili chenyewe kimetoa onyo katika jina la jambo hili. Kinyume ni ndugu wa nyuma, na kwa watu wa Unguja wa zamani lilikuwa pia jina la mazungumzo ya mafumbo ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, nyumba ikawa “mbanyu”. Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Unguja, aliyataja mazungumzo hayo katika mkusanyiko wake wa hadithi uliochapwa London mwaka 1870. Katika mchezo ule neno hugeuka, kitu hakigeuki: mbanyu ina mlango na dari kama kawaida. Zoezi la safu mbili halitofautiani sana na mchezo huo, isipokuwa watoto wa zamani walijua kuwa wanacheza.

Aliyeliona tatizo hili kwa macho mapana kuliko wengi alikuwa daktari wa tiba, Peter Mark Roget, aliyezaliwa London mwaka 1779. Orodha yake ya kwanza aliianza mwaka 1805; kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1852, naye ana umri wa miaka 73. Hakuyapanga maneno kwa alifabeti kama wafanyavyo wanakamusi, bali kwa fikra, chini ya vichwa 1000, na kila ilipowezekana fikra mbili zinazopingana zilichapwa ubavu kwa ubavu katika ukurasa mmoja: kuwapo upande huu, kutokuwapo upande ule. Msomaji akitafuta neno la upole, jicho lake hupitia bila ya kutaka kwenye maneno ya ukali. Hapana shaka huu ni miongoni mwa mipango mizuri kabisa iliyowahi kufanyiwa lugha yoyote. Jina “antonym” lenyewe wakati ule lilikuwa bado. Lilikuja kupata umaarufu kwa kitabu cha Charles John Smith cha mwaka 1867.

Watu wengi wanaokitumia kitabu cha Roget hukimbilia faharasa, wakachota neno na kuondoka. Utangulizi hausomwi, na huko ndiko kwenye utajiri. Roget anakiri humo kwamba neno moja huweza kuwa na mahasimu wawili wasiojuana. Kutoa hupingana na kupokea ukiwatazama watu wawili wanaopeana, na hupingana na kuchukua ukiutazama mwendo wa kitu kinachohama mkono. “Old” ana “new” kwa vitu na “young” kwa viumbe. Ukweli kama ulivyo hupingana na kosa, lakini ukweli unaosemwa hupingana na uongo. Kufundisha, ukitazama kinachofundishwa, hupingana na kupotosha. Ukitazama tendo lenyewe, hupingana na kujifunza. Kisha huongeza kwamba baina ya mahasimu wawili mara nyingi hukaa wa tatu: baina ya kutamani na kuchukia pana kutojali, na baina ya upungufu na ziada pana kile kinachotosha, ambacho ndicho kipimo cha wote wawili.

Lawama ni kwamba baada ya kuyasema yote haya, kurasa zake ziliyasahau. Safu mbili hubeba safu mbili. Huyo wa tatu hana pa kukaa, na neno lenye mahasimu watatu hulazimishwa kusimama mbele ya mmoja. Daktari aliandika ugonjwa sawasawa, kisha akatoa dawa ya ugonjwa mwengine.

Mfano wake wa ukweli unastahili kutazamwa kwa Kiswahili. “False” ya Kiingereza hutumika kwa mwongo na kwa jawabu la hesabu lililokosewa. Uongo wa Kiswahili una mtu ndani yake, una nia. Ndiyo maana watunga mitihani ya Kiswahili, walipohitaji kuielekeza karatasi yao ya “true or false”, hawakuandika “kweli au uongo” bali “kweli au si kweli”. Kwa chaguo hilo dogo wamefanya kazi nzuri kuliko ya vitabu vingi vya nadharia ya tafsiri. Walijua kwamba mtoto aliyekosea kuhusu chanzo cha Mto Nile si mwongo.

Kwa watu wa visiwani, hakuna neno la Kiingereza linalofundisha somo hili upesi kama “fresh”. Maji yakiwa “fresh” hupingana na maji ya bahari, na Kiswahili huyaita maji matamu. Samaki akiwa “fresh” hupingana na aliyeoza, au na ng'onda, na Kiswahili humwita mbichi. Mkate ukiwa “fresh” hupingana na uliolala, na muuzaji husema ni wa leo. Maziwa “fresh” yana hasimu wake, mtindi au ya unga. Hewa “fresh” hupingana na ile iliyofungiwa chumbani. Hakuna Mswahili anayeweza kuuita mkate “mtamu” akikusudia kuwa umeokwa asubuhi, wala maji “mabichi” akikusudia kuwa hayana chumvi. Kwa hivyo anayetafsiri “fresh” anatafsiri kile “fresh” inachokikataa. Akishajua kinachokataliwa ni chumvi, neno tamu linakuja lenyewe mdomoni.

Tena si kila maana zinazopingana huwa na maneno yanayopingana. Chuo Kikuu cha Princeton kilianza mwaka 1985, chini ya mwanasaikolojia George Miller, kujenga kamusi ya kompyuta iliyopewa jina la WordNet, na humo vinyume viliandikwa kuwa uhusiano wa neno na neno, si wa maana na maana. “Heavy” na “light” ni mahasimu waliotambulishana. “Heavy” na “weightless” wanapingana kwa maana, lakini mzungumzaji wa Kiingereza huwaona kama watu wawili waliokutana njiani kwa bahati. Mshairi analijua hili bila ya kompyuta. Usiku una mchana, shubiri ina asali, kiangazi kina masika. Ukiweka mahali pa mmojawapo neno lenye maana ileile lakini lisilozoea kusimama hapo, ubeti unachechemea hata kama mizani imetimia.

Kisha yapo maneno yasiyo na hasimu kabisa, na hapo ndipo watu wa Kiingereza wenyewe hufanya mzaha. “Disgruntled” ni mtu aliyenuna. Kwa kuwa neno linaanza na “dis-”, sikio hutaraji kuwapo kwa “gruntled”, mtu aliyeridhika. P. G. Wodehouse alimzua mtu huyo katika riwaya yake ya mwaka 1938, The Code of the Woosters, na watu wakacheka kwa sababu walijua kuwa hayupo. Kiambishi kile hakikuwa cha kukanusha bali cha kuzidisha: kitenzi cha zamani chenyewe kilikuwa cha kunung'unika. Wajerumani walifika mbali zaidi. Mwaka 1999 wachapishaji wa kamusi ya Duden, pamoja na kampuni ya chai ya Lipton, waliitisha shindano la kutafuta neno la mtu asiye na kiu tena, kwa kuwa aliyeshiba chakula alikuwa na jina na aliyeshiba kinywaji hana. Neno “sitt” likashinda, na halikushika. Hasimu wa neno huletwa na matumizi. Hapewi kazi kwa shindano.

Kiswahili nacho kina hazina ambayo Kiingereza hakina, nayo ni kauli ya kutendua. Kunja ina kunjua, tega ina tegua, ziba ina zibua, ezeka ina ezua, pakia ina pakua. Kiingereza kina “un-” yake katika “untie” na “unload”, lakini hapo mlango ni mwembamba. Mwenye karafuu aliyezianika juani huzianua wingu likitanda, na neno anua limebeba ndani yake mkeka, jua, wingu na haraka. Mwingereza atasema “take in”, ambayo ni ya karafuu, ya mgeni na ya nguo ya kupunguzwa upana. Hata hivyo, anayedhani kila -ua hutendua atapotea kama aliyedhani kila “dis-” hukanusha; chagua si kinyume cha kitu chochote.

Maneno yanayojifanya mahasimu na sio ni hatari kuliko yasiyo na hasimu. “Priceless” si kinyume cha chenye thamani. Ni kile ambacho thamani yake imepita bei zote. Mfasiri aliyekivunja kipande kwa kipande akapata “kisicho na bei” amekitupa jalalani kito cha mfalme. “Shameful” na “shameless” yanatazamana kama mahasimu, kumbe yote mawili yanalaumu, moja likilaumu tendo na jengine likimlaumu mtendaji. Ama “inflammable”, hiyo iliweza kuua: mwenye kuisoma “in-” yake kama ya kukanusha atayaona mafuta yanayowaka upesi kuwa hayawaki. Katika karne ya 20 watu wa kinga za moto nchini Marekani walihimiza “flammable” ishike nafasi yake, na lebo nyingi zikabadilishwa. Ni nadra kinyume cha neno kushughulikiwa kwa uzito wa namna hiyo.

Mafungu ya maneno hufuata kanuni ileile. “By accident” huwashawishi wengi kuandika “kwa ajali”, kwa sababu kamusi imesema “accident” ni ajali. Lakini hasimu wa fungu hilo ni “on purpose”, kusudi. Basi kinachosemwa ni bila ya kukusudia, au kwa kughafilika, na huenda hapana gari wala damu. Lakini somo gumu zaidi limo katika jozi ya “already” na “not yet”. Kiingereza huyaweka haya pembeni ya kitenzi. Kiswahili huyaingiza ndani yake. Ameshafika hupingana na hajafika, na hajafika sio hakufika. Hakufika amefunga mlango, hajafika ameuacha wazi na taa inawaka.

Itazamwe Emma ya Jane Austen, riwaya iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815. Bibi huyu ni tajiri, ana umri wa miaka ishirini na moja, na anatangaza kuwa hana haja ya mume. Kiingereza humwita “single” au “unmarried” na hayo hayasemi lolote kuhusu kesho. Mfasiri wa Kiswahili hana starehe hiyo. Akiandika hajaolewa, ameshamsaliti Emma, kwa kuwa -ja- inasubiri posa, na msomaji ataanza kumtafuta mposaji tangu ukurasa wa kwanza. Naye atampata, Bwana Knightley, mwishoni. Akiandika hakuolewa, amemzeesha msichana na kumweka pamoja na Miss Bates, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mali, ambaye Emma mwenyewe anaona hawafanani hata kidogo. Riwaya nzima imejengwa juu ya umbali wa wanawake hawa wawili, mmoja asiyetaka na mmoja asiyepata, na neno moja la Kiingereza linawachukua wote. Pengine jawabu ni kuachana na kuolewa na kuandika “hana mume”, kauli isiyosubiri wala kuhukumu. Chaguo hilo hapati ila aliyejiuliza “unmarried” inapingana na nini: na aliyeolewa, au na atakayeolewa?

Mfano mkubwa wa kuchagua neno kwa kumtazama hasimu wake upo katika jalada la kitabu kinachojulikana na kila mwanafunzi wa fasihi. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alitoa tarjuma yake ya mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice. Aliuita Mabepari wa Venisi. Neno la Shakespeare ni la umoja, naye akalifanya la wingi. Neno la Shakespeare ni la biashara, naye akaandika bepari. Wengi wamelisema hilo na kulifasiri kwa siasa, kwa kuwa Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Wamesema sawa lakini wamesema nusu.

Nusu ya pili ni kwamba bepari, kwa asili, ni mfanyabiashara hasa. Neno limekuja pwani na lugha za Kihindi, ambamo maana yake ni mtu wa biashara, basi. Laiti tarjuma ile ingefanywa miaka mia moja kabla, bepari lingekuwa neno la kawaida la “merchant” na hakuna ambaye angeinua nyusi. Kilichobadilika si bepari bali hasimu wake. Bepari wa zamani alitazamana na mnunuzi. Bepari wa mwaka 1969 alitazamana na mjamaa, na mfanyakazi, na mkulima. Neno lilibaki mahali pake, na jirani wa mbele akahama na mwengine akahamia.

Sasa na aulizwe Shakespeare: mfanyabiashara wake anapingana na nani? Si na mnunuzi, wala si na mfanyakazi. Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, anakopesha bila ya faida. Shylock anakopesha kwa riba, na miongoni mwa sababu anazozitaja za kumchukia Antonio ni hiyo, kwamba anaziangusha riba za mji. Mchezo mzima umesimama juu ya uhasama wa biashara na riba. Uhasama huu msomaji wa pwani ameulea tangu chuoni, kwani sharia ya Kiislamu imehalalisha moja na kuharamisha jengine. Hakuna hadhira duniani iliyokuwa tayari zaidi kuiona jozi hiyo bila ya kufasiriwa. Lakini jina Mabepari, kwa wingi wake, limewatia Antonio na Shylock katika gunia moja. Aliyekopesha bure na aliyedai ratili ya nyama wamekuwa wamoja.

Je, ni kosa? Kama ni tafsiri ya jina, ni kosa, tena si dogo. Kama ni uhakiki wa mchezo uliofupishwa katika maneno matatu, ni uhakiki mkali na wenye haki yake, maana mji ule wote, pamoja na vijana wake waungwana wanaofukuzia mahari, unaishi kwa pesa; na mahakamani, pale Portia anapoiweka huruma mbele ya haki, huruma yenyewe haikuja bila ya mali kuhama mkono. Nyerere aliujua Kiingereza chake; asidhaniwe kuwa aliteleza. Ila gharama ya chaguo lake ilipasa kutajwa, na wahakiki waliolisifu hawakuitaja.

Linabaki neno “free”, na mbele ya hilo mengine yote ni mazoezi. Kiti “free” hupingana na kilichokaliwa, mtu “free” jioni hupingana na mwenye shughuli, tikiti “free” hupingana na ya kulipiwa. Kiswahili kimeyagawa haya kwa tupu, nafasi na bure, bila ya ugomvi. Ugomvi ulikuja na “free verse”. Istilahi hiyo Waingereza waliipata kwa Wafaransa, na hasimu wake huko ni mizani na vina, basi. Ilipofasiriwa kuwa mashairi huru, katika miaka ya 1970, wakati Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 na Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1976, neno huru liliingia katika ushairi likiwa limefuatana na hasimu wake wa Kiswahili, na huyo ni mtumwa. Malenga aliyetunga maisha yake yote kwa arudhi aliyorithi, ambayo Amri Abedi aliiandikia sheria zake mwaka 1954, akasikia kwamba wako wenye mashairi huru. Hakuhitaji kuambiwa ya kwake ni ya namna gani.

Wanamapokeo nao wakajibu kwa jozi yao. Katika istilahi za kale, utungo usiotimiza vina na mizani ni guni, na guni hupingana na shairi lililo sawa. Basi upande mmoja ulizungumza kwa jozi ya huru na kufungwa, upande wa pili kwa jozi ya guni na shairi, na miaka ikapita watu hodari wakibishana kuhusu asili ya ushairi, hali ya kuwa sehemu kubwa ya machungu yao ilitokana na kivumishi kimoja. Lau pangetumika tangu mwanzo neno lisilomtukana yeyote, tuseme mashairi yasiyo na vina, mjadala ungekuwapo, kwa kuwa ulistahili kuwapo, lakini ungekuwa mfupi na wenye adabu zaidi.

Na kwa nini huru lilikuwa na ukali huo? Kwa sababu visiwani neno hili lilikuwa na historia kabla ya kuwa na siasa, na historia yake ni ya kinyume kilichokosewa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka kutoka alitakiwa aende mwenyewe akadai, na masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Kwa Kiingereza cha waliokuwa nyuma ya amri hiyo mambo yalikuwa mepesi: “slave” ana hasimu mmoja, “free”, na anayeacha kuwa huyu huwa yule.

Kiswahili cha pwani hakikuwa na jozi hiyo. Hasimu wa mtumwa alikuwa muungwana, na muungwana si mtu aliyetolewa utumwani; ni mtu ambaye utumwa haukumgusa, wala yeye wala wazee wake, mwenye nasaba, adabu na mji. Huru alikuwa wa tatu, yule ambaye Roget alimtaja katika utangulizi na asimpe safu: si mtumwa tena, na si muungwana. Tena kwa macho ya sharia mwenye kumwacha mtumwa huru ni bwana wake, na baina yao hubaki fungamano la wala. Hati ya serikali ilikuwa kitu chengine. Aliyetoka na karatasi mkononi alikuwa amekwishafika mwisho wa safari kwa lugha ya karatasi. Kwa lugha ya mtaa alikuwa nusu ya njia.

Waliobaki nusu ya njia hawakungoja mfasiri. Mavazi yalikuwa yamegawanywa kama maneno yalivyogawanywa: kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana, na kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, ilikuwa vazi la mjakazi. Baada ya amri, wanaume waliotoka utumwani walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakaiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi na maua, na baadaye wakajitanda buibui. Kwa vitambaa waliandika jozi ambayo karatasi haikuwapa. Leo muungwana ni mtu yeyote mwenye adabu, na hasimu wake ni mhuni. Mtumwa ametoka mbele yake, na watoto wanaolitumia neno hilo hawajui ni nani aliyekuwa amesimama hapo.

Hati za mahakama za miaka ile zimeandikwa kwa Kiingereza, na ipo siku zitatafsiriwa kwa ukamilifu. Neno “free” limo humo kwa wingi. Mahali pengine litakuwa aliyeachwa huru, mahali pengine aliyezaliwa muungwana, na pale mdai anapoandikwa kuwa amesema yuko “free”, mfasiri atapaswa kukisia ni lipi kati ya hayo mawili lililotoka kinywani mwake kwa Kiswahili kabla ya karani kuliandika.